UZI: Plastiki chafu za maabara, tumejaribu kuzisafisha na kuziuza papa hapa Amu (Lamu)

Mpimaji_Amu (mwenye uzi)

Asalaam aleikum jamani. Kwenye ule uzi wa taka za gatini niliahidi kueleza kisa chetu sisi watu wa maabara. Leo umeme haujakatika na kahawa iko karibu, wacha nianze.

Nipo kwenye maabara ndogo ya binafsi, vyumba viwili na ua, ndani ndani mtaa wa Langoni huko ambako punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Tunapima malaria, damu, mkojo, choo, na usaha wa vidonda tunauotesha ili kujua dawa gani itafaa. Kazi yote hiyo ni plastiki: ncha za pipeti (kile kifaa cha kufyonzea majimaji), mirija ya damu, vikopo vya mkojo, sahani za petri. Kitu kinatumika dakika mbili, kisha kinakwenda kwenye ndoo ya njano, ndoo ya taka ambukizi.

Miaka yote ndoo ya njano ilikuwa na njia moja tu, moto. Punda anabeba, tunalipa, inachomwa kwenye insinereta ya matofali, ile aina ya De Montfort iliyobuniwa Leicester, Uingereza, miaka ya 1990 kwa ajili ya sehemu kama zetu. Si mashine mbaya. Lakini inataka ipashwe kwanza hadi ipite digrii 800, inataka kuni kavu, dohani nzima, na mtu aliyefundishwa ambaye haishindilii kama anajaza gunia la mkaa. Ile tuliyokuwa tukipeleka sisi, dohani yake ililiwa na chumvi ya bahari ikakatika nusu. Siku moja nilikwenda mwenyewe kutazama. Moshi mweusi unatambaa chini chini, na mchomaji, mtoto wa watu, amejifunga kikoi puani. Mle ndani niliona mipira ya dripu, na mipira ile ni plastiki ya PVC, ambayo ikiungua kwa moto hafifu hutoa dayoksini, sumu kali. Nilirudi kimya.

Basi tukanunua otoklevu ya mtumba. Kwa wasioijua, ni jungu la mvuke, ndugu yake sufuria ya presha ya kuchemshia maharagwe, ila hili linameza lita 50. Nia yetu tuue vijidudu hapa hapa uani, plastiki itoke salama, tuiuze kwa wanaosaga. Na Amu si wageni wa mambo haya. Jahazi la Flipflopi aliliunda Ali Skanda na wenzake hapa hapa kwa plastiki tani 10, likavishwa kandambili 30,000, likashushwa majini 2018, na mwaka uliofuata likafika Unguja. Nikajiambia, kama kandambili zimefika Unguja, vikopo vyangu vitashindwa kufika Mokowe, ng'ambo tu hapo?

Siku ya kwanza nikatia mfuko mzima kama ulivyotoka kwenye ndoo, nimeufunga fundo, nikawasha. Digrii 121, presha pauni 15, nusu saa. Nilipofunua: mkate wa sinia. Sifanyi mzaha. Sahani za petri zimelegea zikalaliana, zimegandana na mirija, katikati agari, ile jeli ya kuoteshea vijidudu, imeyeyuka na kuganda upya rangi ya hudhurungi, na juu yake ncha za pipeti zimesimama nzima nzima kama mtu aliyezipanga kwa mkono. Agari nyingine ilikwenda kwenye tundu la kutolea maji ikaziba. Nilikaa mpaka saa nne za usiku nachokonoa kwa waya wa henga. Na harufu, Mungu anisitiri.

Naomba wenye ujuzi waniambie nilipokosea kabla sijarudia.

PundaHanaBreki

Kumbe ni nyinyi! Mtaa mzima tulidhani kuna mtu anachemsha makongoro ya wiki iliyopita. Mama mkwe alifunga madirisha yote akatia udi.

Mpimaji_Amu

Mwambie mama nimekuja kwa miguu yangu kuomba radhi.

Kemia_Malindi

Pole ndugu yangu. Nafundisha kemia huku Malindi na nimecheka, lakini nimecheka kwa sababu yalinikuta na mimi.

Mashine yako haina kosa. Umetia makabila manne ya plastiki jungu moja. Pindua chombo utazame tako lake, vingi vina pembetatu na namba. Namba 5 ni polipropilini: ncha za pipeti, mirija midogo yenye kifuniko cha kubonyeza, vikopo vingi vya mkojo. Hiyo huyeyuka karibu na digrii 160, kwa hiyo 121 haiibabaishi, ndiyo maana ulizikuta zimesimama. Namba 6 ni polistirini, ndizo sahani zako za petri. Zinaanza kulegea karibu na digrii 100, joto la birika tu. Namba 1 ni PET, mirija mingi ya damu ya siku hizi, na yenyewe hulegea hata kabla maji hayajachemka, itajikunja kama jani la mgomba motoni. Namba 2, zile chupa nyeupe za kemikali, inasalimika lakini hutoka imepinda, maana inayeyuka karibu na 130.

Sasa vipande vingi havina namba, au namba imefutika. Hapo tumia ndoo mbili. Lakini sikiliza vizuri: hii ni kwa plastiki iliyokwisha pita kwenye mvuke au ambayo haikuwahi kuchafuka, usije ukaogesha taka ambukizi. Ndoo ya kwanza tia maji baridi ya kawaida. Namba 5 na namba 2 zitaelea. Zilizozama hamishia ndoo ya pili, yenye maji uliyoyakoroga chumvi mpaka chumvi imekataa kuyeyuka. Polistirini itapanda juu, PET na PVC zitabaki chini. Mimi nilitumia chumvi ya mawe ya Gongoni, wanafunzi wakadhani ni kiinimacho. Usijidanganye na maji ya bahari, uzito wake hautoshi, polistirini itazama tu.

Fundi_Boila

Mimi si mtu wa maabara. Natengeneza mashine za mvuke na friji za mahoteli, Shela na huko kwingine. Mwalimu amesema ya plastiki, mimi nasema ya mvuke.

Hiyo fundo uliyofunga ndiyo iliyoniudhi. Presha kwenye saa ya mashine haikwambii kitu kuhusu kilichomo ndani ya mfuko. Mvuke unaua kwa kugusa. Ukigusa kitu baridi unageuka maji na kumwaga joto lake lote pale pale. Hewa ikinaswa ndani ya mfuko inakuwa godoro, mvuke unabaki nje unagonga mlango. Ndani ya lile godoro huna digrii 121 za mvuke, una hewa ya vuguvugu. Hata ingekuwa hewa moto kavu, mnajua wenyewe oveni inataka 160 kwa saa mbili kufanya kazi ambayo mvuke unaifanya kwa robo saa.

Kwa hiyo: mdomo wa mfuko uache wazi. Mimina kikombe cha maji ndani yake ili mvuke uzaliwe humo humo. Usijaze kupita thuluthi mbili. Kabla hujafunga vali ya hewa, subiri mvuke utoke mfululizo bila kukohoa. Halafu nusu saa ni ya vyombo vitupu. Mzigo wa taka uliobanana uache saa nzima, na unaanza kuhesabu ukishafika 121, si ulipowasha.

Swali moja: unatia maji gani?

Mpimaji_Amu

Ya kisima.

Fundi_Boila

Innalillahi.

Bwana, kisima cha Langoni! Ile chumvi inatoboa chuma kisichoshika kutu kama mchwa anavyotoboa boriti, vitundu vidogo vidogo huvioni mpaka siku jungu linavuja. Na hita itavaa gamba jeupe mpaka iungue. Kama una jabia, lile birika la kukingia maji ya mvua, tumia hayo. Kama huna, kiyoyozi chako kinadondosha maji ukutani bure kila siku, kinga ndoo, chuja kwa kitambaa. Si safi kama ya kununua lakini hayana chumvi.

Nesi_Faza

Shukran kwa uzi. Nipo zahanati upande wa Pate, sisi hatuna jungu wala jungu dogo. Tunalowesha kwenye Jik. Hiyo inatosha au tunajifariji?

Kemia_Malindi

Dada, inategemea unalowesha nini. Jik ya madukani Kenya ni klorini asilimia 3.5, ukichanganya kikombe 1 cha Jik na vikombe 6 vya maji unapata asilimia 0.5, ndiyo kipimo cha kazi ya zahanati. Ichanganye kila siku upya, ya jana ni maji yenye harufu. Kwa sehemu laini, kwa mmwagiko, kwa vyombo vilivyokwisha suuzwa, inafaa. Lakini damu iliyoganda, makohozi, agari, hivyo vinaila klorini kabla haijafika kwa kijidudu. Utaona chombo kimelowa, ndani hakijaguswa.

Mawili ya kuogopa. Kitu kilicholoweshwa Jik usikipeleke kwenye otoklevu hata siku moja, utavuta gesi ya klorini, nayo itaula ule mtambo. La pili ni kubwa zaidi. Kama mnakusanya katriji za kupima wingi wa virusi vya UKIMWI, au mabaki ya vifaa vya kutolea vinasaba, ndani yake mna kemikali inaitwa guanidini thayosayaneti. Ikikutana na Jik inatoa gesi yenye sumu ya jamii ya sayanaidi. Hizo hazioshwi, hazichemshwi, hazisagwi. Funga vizuri, ziende kwenye tanuri la joto kali la kituo chenye leseni.

Nesi_Faza

Subhanallah. Katriji hatuna hapa ila jirani zetu wanazo, na Jik ndiyo dawa ya kila kitu. Nawapigia sasa hivi.

Msomaji_Tu

Samahani wakuu, nauliza kama mjinga. Anayesaga plastiki si anaiyeyusha kwa digrii 200 na zaidi? Sasa kuna haja gani ya mvuke, chumvi, ndoo mbili? Kijidudu gani kitavuka digrii 200? Mpelekeeni kama ilivyo, moto wake utamaliza.

BintiShela

Wewe msomaji, mikono ya nani?

Mimi ni mmoja wa hao wanaosaga. Tuna banda, mashine ya kusaga, na sisi ni wanawake wengi kuliko wanaume. Digrii 200 ni ya mwisho kabisa. Kabla yake gunia linamwagwa chini, tunakaa kwenye mikeka, tunachambua kwa mkono, tunabandua stika, tunaosha kwa maji, maji yanakwenda mferejini, mfereji unajua mwenyewe unakwenda wapi. Hapo kati hakuna digrii 200. Kuna sisi na glavu zilizotoboka. Mwenzangu mmoja alichomwa na sindano iliyojificha ndani ya chupa ya soda, alikunywa dawa za kinga siku 28, zikamfanya atapike mwezi mzima. Alisalimika, alhamdulillahi. Tangu siku hiyo chochote kinachonuka dawa tunakirudisha kwa mwenyewe.

Na kuna jambo la pili hamjaligusa na nashangaa. Stika.

Siku moja tuliletewa gunia, aliyeleta alisema ni chupa za duka. Katikati mna mirija ya damu na kila mmoja una karatasi yake: jina, umri, tarehe, na kipimo kilichoombwa. Nikaokota mmoja, nikasoma jina la mtu ninayemjua, tunasuka ukili baraza moja. Nikajua jambo ambalo hata nyumbani kwake hawakulijua. Nimelinyamazia mpaka leo na nitalinyamazia, lakini je, angeliokota mwenye mdomo? Huu mji hauna mtu asiyejulikana. Nairobi jina kwenye mrija ni jina tu. Hapa ni mtoto wa fulani, mke wa fulani.

Kwa hiyo bwana Mpimaji, kabla hujaniuliza kama nitanunua plastiki yako, nenda katazame ndoo yako.

Msomaji_Tu

Nimeelewa dada. Nimenyamaza.

Mpimaji_Amu

Nimekwenda kutazama ndoo.

Majina yote yapo. Kamili, kwa mwandiko wangu mwenyewe, ule mzuri ninaojisifia. Nimekaa nao dakika kumi nikisoma majina ya watu ninaosali nao safu moja. Sheria ya Kulinda Data ipo tangu 2019, tunayo imebandikwa ukutani, na ukuta ule ule ndio nyuma ya ndoo.

Niacheni wiki chache nitarudi.

Mstaafu_Mkomani

Shikamooni nyote mlio wakubwa zangu, na wadogo zangu marahaba. Mwanangu anaandika, mimi nasema.

Nilifanya kazi ya maabara miaka mingi kabla ya hizi plastiki zenu. Sahani ya petri ni gilasi. Yule Petri mwenyewe, Mjerumani msaidizi wa Koch, alipoibuni 1887 ilikuwa gilasi. Sahani ikishasomwa inapikwa kwa mvuke, agari inamwagwa ingali moto, inaoshwa, inapangwa kwenye kopo la shaba, inatiwa oveni, kesho inarudi kazini. Sahani moja niliitumia mpaka nikaijua kwa alama ya ufa wake. Nyinyi mnatafuta ndia ya kuuza taka. Sisi hatukuwa na taka ya kuuza.

Kemia_Malindi

Shikamoo mzee. Maneno ya haki, ila na maji je? Sahani 40 za kuosha na kusuuza mara tatu, tena suuza ya mwisho iwe maji yasiyo na chumvi, kisiwa ambacho maji yake matamu yanatoka kwenye mchanga wa Shela na kila mwaka yanagombewa zaidi. Na umeme wa oveni. Na mshahara wa muoshaji. Plastiki ilishinda kwa sababu, haikushinda kwa bahati.

Mstaafu_Mkomani

Marahaba mwalimu. Mai ya kisima yana munyu, hilo kweli. Sisi suuza ya mwisho tulitumia ya jabia. Kila nyumba ilikuwa na jabia. Nyinyi mmeyafukia mkajenga vyumba vya wageni.

PundaHanaBreki

Mzee amepiga penyewe. Kwetu juu ya jabia pana choo cha watalii.

Mpimaji_Amu (mwenye uzi, baada ya wiki tano)

Nimerudi. Sina hadithi nzuri mwanzo mpaka mwisho, lakini ninazo habari.

Kwanza jungu. Nilifuata maneno ya Fundi: maji ya kiyoyozi, mfuko nusu na kidogo, kikombe cha maji ndani. Ila mdomo wa mfuko niliubana kidogo kwa mpira, kwa uoga wangu wa harufu na wa mama mkwe wa mtu. Nikaweka ule utepe wenye mistari inayogeuka nyeusi kwa joto, ukageuka vizuri, nikafurahi. Halafu nikapata vichupa vya spora, yaani mbegu ngumu za kijidudu, zile za Geobacillus stearothermophilus, kijidudu kigumu kuliko vyote tunavyokutana navyo kwenye ndoo. Kichupa kimoja nilikizika katikati ya mfuko, kimoja nikakiweka nje ya mfuko, cha tatu sikukipika kabisa. Vyote vitatu nikaviweka kwenye bafu la maji digrii 56, maana spora hizi zinapenda joto, kwenye 37 hazitaamka.

Kesho yake asubuhi nilifungua kifuniko kabla ya kuvua viatu. Kile kisichopikwa kimegeuka kutoka zambarau kuwa manjano, sawa, maana yake spora zilikuwa hai. Cha nje ya mfuko kimebaki zambarau, zimekufa. Cha katikati ya mfuko: manjano kama kiini cha yai.

Yaani utepe umegeuka, saa imesoma 121, presha imekaa pauni 15 saa nzima, na katikati ya taka mna uhai unacheka. Mfuko ule ningeupeleka kwa BintiShela na kumwapia kuwa ni salama. Nilivyouona ule umanjano miguu ilininyong'onyea.

Nikauondoa ule mpira, mdomo wazi kabisa, mfuko umelazwa ubavu. Mara ya pili zambarau. Mara ya tatu zambarau. Sasa kila wiki tunatia kichupa, na kila mpiko unaandikwa kwenye daftari: tarehe, saa, digrii, nani aliwasha. Leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ya kutibu taka pia tumeiomba, maana kanuni za taka za 2006 hazikuacha mtu atibu taka za hospitali uani kwake kwa nia njema tu. Hiyo bado iko mezani kwao.

Pili, na hili ndilo lililonigeuza. Niliweka ndoo moja mezani na mbili chini ya meza, nikaanza kuchambua wakati wa kazi badala ya baada ya kazi. Mnajua nini kilikuwa ndani ya ndoo yetu ya njano miaka yote? Masanduku ya ncha za pipeti, matupu, hayajaguswa na damu hata tone. Vifuniko. Chupa za maji ya kuchanganyia dawa. Mifuko ya glavu mipya. Karibu nusu ya ujazo wa ndoo ni vitu safi tulivyovichafua sisi wenyewe kwa kuvitupa pamoja na vichafu. Tulikuwa tunamlipa punda abebe masanduku safi akayachome. Mimi nilihangaika na mashine mwezi mzima, kumbe kazi kubwa ilikuwa sentimita 50 kutoka mkononi mwangu.

Sasa meza ina vyombo vinne. Safi, kinaenda moja kwa moja bila mvuke. Namba 5 iliyochafuka, inaenda jungu. Vyote vingine vilivyochafuka, yaani sahani za petri, mirija ya PET, glavu, vinaenda jungu siku nyingine, peke yao, kwenye beseni la chuma ili agari isizibe tundu, na vikitoka ni mkate wa sinia ule ule lakini salama, unakwenda na taka za kawaida. Huo sijapata wa kuununua na siwezi kumlaumu mtu. Ncha kali, yaani sindano na kadhalika, zimebaki kwenye sefti boksi, zinakwenda kuchomwa kama zamani na mwenye leseni, hapo sijagusa wala sitagusa.

Tatu, stika. Tumeacha kuandika majina kwenye mirija. Namba tu, jina linabaki daftarini. Na kwa zile za zamani niligundua mvuke unalegeza gundi, zikitoka zingali na joto karatasi inabanduka kwa kidole, tunaikusanya na kuichana. Mikono yangu ndiyo iliyozibandua zote, nilitaka iwe hivyo.

BintiShela, ukipenda kuja kutazama, mlango u wazi, na daftari la spora utalisoma wewe kwanza.

Fundi_Boila

Ule mpira wa mfuko sikukwambia uutie.

Mpimaji_Amu

Hukuniambia fundi. Nimekubali kosa.

Msomaji_Tu

Nauliza tena kama mjinga, mtaniwia radhi. Mvuke ukishaua vijidudu, ina maana kikopo kile kinaweza kuyeyushwa kikawa sahani ya kulia au kandambili za mtoto?

Kemia_Malindi

Hapana, na si swali la kijinga. Mvuke unaua vilivyo hai, hauondoi kemikali. Rangi za kupakia vioo, fenoli, fomalini, zikiwa zimeingia kwenye plastiki zitabaki mle. Kwa hiyo chombo kilichobeba kemikali kisiingie kabisa kwenye mkondo wa kuuza, na hata hizo zilizo safi ziende kwenye nguzo za uzio, mbao za plastiki, ndoo za taka. Vya chakula na vya watoto, hapana.

BintiShela (baada ya siku nane)

Nimekwenda. Nimesoma daftari, nimenusa jungu, nimemwaga mfuko mmoja mwenyewe juu ya turubai mbele yao bila kuwapa taarifa. Sikukuta sindano. Sikukuta jina.

Tumekubaliana hivi. Masanduku ya ncha na vifuniko nachukua yote, ni namba 5 nzuri, nyeupe, wengi hawapati mali ya namna hiyo. Ncha na vikopo vilivyopikwa nachukua kwa masharti: ziwe kavu, ziwe na karatasi ya tarehe ya mpiko, na wavisage kwao kwanza kwenye kile kisagio kidogo walichonunua, nisivione vikiwa na sura ya maabara. Wenzangu wakiona kikopo cha mkojo, hata ungekipika Jahanamu, hawakigusi, na mimi siwalazimishi. Zinakwenda kwenye nguzo. Bei nimempa ndogo na amekubali bila kubishana, nikajua huyu hakufuata pesa. Hesabu yake ni yale malipo ya punda yaliyopungua.

Sahani za petri nimekataa. Zina agari kwenye pembe, zikiingia kwenye mashine zinaungua na kutoa moshi wa kutoa machozi.

Nesi_Faza

Bwana Mpimaji, jungu lenu likipata nafasi siku za Jumanne, tunaweza kuleta vya kwetu kwa boti? Ndoo mbili tu.

Mpimaji_Amu

Dada, ningependa. Lakini taka ambukizi ikishavuka bahari na abiria na vikapu vya samaki, tumerudi kule kule nilikokimbia. Uzuri wote wa jambo hili ni kwamba kichafu hakitoki mlangoni kikiwa kichafu. Fundi anasema kuna jungu la lita 20 la gesi Mokowe linauzwa, mwenyewe amelichoka. Nitakuja Faza kuwafundisha spora, chakula juu yenu.

Nesi_Faza

Chakula ni kamba. Njoo.

Mpimaji_Amu

Na mzee wetu wa Mkomani, shikamoo. Nimelala na maneno yako. Sahani za petri ndiyo plastiki pekee iliyonishinda, haisafishiki ikauzika. Nimepiga hesabu, kwa usaha tunaotesha sahani kumi na tano kwa wiki, si mia. Kumi na tano zinaoshwa na ndoo mbili za maji, na kiyoyozi kinanipa zaidi ya hizo. Umesema zamani mlipanga kwenye kopo la shaba. Je, hizo gilasi bado zinapatikana mahali?

Mstaafu_Mkomani

Marahaba mwanangu. Walipoleta plastiki mimi niliambiwa nitupe sanduku zima la gilasi mpya, hazijafunguliwa karatasi. Sikutupa. Zipo darini zaidi ya miaka thelathini. Leo nimemtuma kijana kaziteremsha tumezihesabu: 41 na vifuniko vyake, mbili zina ufa. Kopo la shaba lipo pia, lina kutu ya kijani.

Njoo uchukue baada ya alasiri. 40 utapata. Moja bibi anatilia ubani tangu zamani, amekataa kuitoa.